Kushangaa kwa Kikorsika: mwongozo kwa msemaji wa Kiswahili

Anayeanza lugha ngeni hufundishwa salamu, kisha namba, kisha namna ya kununua mkate. Mshangao husahaulika. Matokeo yake, siku anaposimuliwa jambo la ajabu hubaki kutikisa kichwa na kutabasamu, na msimulizi hupoa. Sisi wenyewe tunalijua hilo: ukimpa mtu habari nzito naye asiseme "Lo!" wala "Kumbe!" wala "Weee!", unaona kama unaongea na ukuta. Wakorsika nao wako hivyo. Mazungumzo yao husukumwa na vihisishi, na mgeni mwenye vitano au sita vilivyo sahihi hukaribishwa zaidi ya yule aliyekariri kurasa za minyambuliko ya vitenzi.

Korsika ni kisiwa cha Bahari ya Mediterania kilichoingia mikononi mwa Ufaransa mwaka 1768. Lugha yake, hata hivyo, si lahaja ya Kifaransa. Ni ndugu wa Kitaliano, hasa kile cha mkoa wa Toscana. Jambo hilo ni faida kwetu: karibu kila neno huishia kwa irabu, irabu zenyewe husomwa karibu kama zetu, na maneno mengi mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kazi iko kwenye yale yasiyofuata desturi hiyo, na bahati mbaya maneno ya mshangao yamejaa humo.

Shika sentensi hii moja, maana mwongozo mzima unaizunguka:

*Mì, o Antò, chì ventu!*

"Lo, Antone, upepo gani huu!" Ina viungo vitatu: mlio (*mì*), mwitwa (*o Antò*), na jambo lenyewe (*chì ventu*). Mshangao uliokamilika wa Kikorsika huwa na vyote vitatu. Wanaojifunza hukazania cha kwanza na cha tatu, wakakiacha cha kati. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu Mkorsika hashangai hewani, bali hushangaa na mtu.

Hatua ya 1: Soma herufi sawasawa kabla ya kufungua kinywa

Hii huchukua nusu saa, na ukiiruka utalipa baadaye. Mtego mkubwa kwetu ni *ch*. Kwa Kikorsika *chì* husomwa "ki", na *che* husomwa "ke". Sauti yetu ya "chi" wao huiandika *ci*. Kwa hiyo *Ùn ci credu!* (siamini!) ni "un chi kredu", na *Chì mi dici?* (waniambia nini?) ni "ki mi dichi". Ukizibadilisha hakuna atakayekuelewa.

Herufi *h* haisomwi. *Hè* (ni) na *è* (na) hutamkwa sawa kabisa. *H* imewekwa ili jicho litofautishe. *Qu* ni "kw": *quì* (hapa) ni "kwi". *Gn* ni "ny" ya nyumba. *Gli* ni "ly" iliyolainika: *maraviglia* (ajabu) ni "maravilya". *Sgi* ni ile "j" ya Kifaransa, ambayo Kiswahili hakina.

Kuna sauti mbili ambazo hata Wafaransa huziogopa: *chj* na *ghj*. Zote mbili hutolewa kwa kulaza ulimi bapa kwenye kaakaa gumu. Hapa msemaji wa Kiswahili cha pwani ana bahati kubwa: "j" ya "jambo" au "jina", inavyotamkwa na wenyeji wa Unguja au Mombasa, iko karibu sana na *ghj*. Sema *Ghjuvanni* kama unavyosema "jana", si kama Mwingereza anavyosema jina John.

Halafu konsonanti zilizorudiwa. *Bella*, *bocca*, *babbu*: zile herufi mbili hushikiliwa kitambo kabla ya kuachiliwa. Aliyepita madrasa anaijua hii tayari, ni shadda. Shikilia "l" ya *bella* kama unavyoshikilia "l" katika "Allah".

Mwisho ni mkazo. Alama iliyo juu ya irabu ya mwisho (*avà*, *aiò*, *innò*) inakuamuru upige hapo hapo, mwishoni. Ulimi wetu huvuta mkazo nyuma, hivyo mwanafunzi Mswahili husema "Áva", neno lisilo na maana. Mtego wa upande wa pili ni *pussibule* (inawezekana): mkazo uko kwenye "si", silabi ya tatu kutoka mwisho, na maandishi ya kawaida hayaweki alama yoyote. Ni "pu-SSI-bu-le", wala si "pussi-BU-le".

Hatua ya 2: Chagua mlio

Milio ni mingi, lakini mitatu inatosha kwa miezi ya kwanza.

*Mì!* ndio mwepesi kuliko yote. Asili yake ni kitenzi cha kutazama, na bado una ladha ya "tazama!" ndani yake. Hutumika macho yanapokutana na kitu: meli inaingia bandarini, rafiki anatokea kwenye kona, mtoto amerefuka. Unaweza kuufuatisha na kiwakilishi: *Mì lu!* (huyo hapo!, kwa mwanamume), *Mì la!* (kwa mwanamke). Haumuudhi mtu na hauna umri wala cheo. Ukiwa na shaka, tumia huu.

*Avà!* unahitaji kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndio unaobeba mzigo mkubwa. Maana yake ya kamusi ni "sasa". Ukiutumia peke yake, kwa sauti ya kushangaa, unakuwa "Ala!", au "Acha bwana!", au "Ebo!", kutegemea kiimbo. Ukitamkwa kwa kupanda, mfupi, ni mshangao wenye shaka: habari umeisikia, lakini hujaimeza. Irabu ya mwisho ikivutwa na kushuka, *avààà*, sasa unalaumu: jambo limepita mpaka, na anayelisema au anayelitenda ameambiwa aache. Ndiyo maana mgeni hujikuta amemkaripia mwenyeji wake bila kukusudia. Alitaka kusema "Lo!" kwa furaha, akavuta irabu kama tunavyovuta "Looo!", na mwenyeji akasikia "Ebo, huna haya?" Kanuni ni nyepesi: ukishangaa kwa wema, kata *avà* upesi. Kuvuta waachie wenye ugomvi.

Ukitangulizwa *o*, yaani *O avà!*, huwa mzito zaidi. Ni wa kukataa: "Hebu acha maneno yako." Usiutumie kwa mtu uliyemjua leo.

Watu wa kaskazini hulegeza "v" iliyo kati ya irabu ikawa "w", basi Bastia utasikia "awà". Kusini hubaki "avà". Zote ni sahihi.

*Innò!* ni "hapana". Hutumika kama tunavyosema "Hapana wewe!" tukisikia lisiloaminika. Msimulizi haoni kama umempinga. Anajua umemwambia aendelee.

Kuna pia *Aiò!*, ambao kimsingi ni "haya, twende!", na unaweza kuingia kwenye mshangao wa kutosadiki, kama "Haya bwana, we!" Uache mpaka masikio yazoee.

Hatua ya 3: Mwite mtu, na umkate jina

Hapa ndipo penye uzuri wa lugha hii. Mkorsika akimwita mtu hutanguliza *o*, kisha hulikata jina mara tu baada ya irabu yenye mkazo. Kinachobaki hutupwa. Antone anakuwa *o Antò*. Maria, *o Marì*. Ghjuvanni, *o Ghjuvà*. Francescu, *o Francè*. Pasquale, *o Pasquà*. Petru, *o Pè*. Dumenicu ana mkazo kwenye "me", kwa hiyo ni *o Dumè*.

Si majina ya watu tu. Baba (*babbu*) huitwa *o Bà*, mama (*mamma*) huitwa *o Mà*, mjomba au mzee wa heshima (*ziu*) ni *o zì*. Kijana (*zitellu*) ni *o zitè*. Kumpare, neno la udugu wa ubatizo ambalo wanaume hulitumia pia kwa urafiki, ni *o cumpà*.

Ili ulifanye bila kufikiri, chukua majina 10 ya Kikorsika, tafuta silabi yenye mkazo, kata, kisha ita kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Fanya pia kwa jina lako. Rehema kwa kanuni hii ni *o Rehè*, Baraka ni *o Barà*. Ukiitwa hivyo, wala usifikiri wamekosea jina lako. Wameliingiza kwenye lugha.

Makosa ni mawili. Kwanza, kulikata jina huku hauiti: ukisema *Antò hè quì* badala ya *Antone hè quì* (Antone yuko hapa), umechanganya kumtaja na kumwita. Pili, kusahau *o*. Jina lililokatwa bila *o* linaweza kupita kati ya marafiki wa karibu, ila kwa mgeni huonekana kama ufupi wa adabu.

Adabu yenyewe iko pia kwenye viwakilishi. *Tù* ni kwa rika, watoto na jamaa. *Voi* ni kwa mzee, mwenye duka, mtu usiyemjua. Mshangao haukufutii hilo. Kwa rafiki utasema *Chì mi dici?*, kwa mzee *Chì mi dite?* Ukimwona rafiki usiyemtarajia: *Ma sì tù! Chì faci quì?* (Kumbe ni wewe! Wafanya nini hapa?). Kwa mzee: *Site voi! Chì piacè di vedevi!* (Ni wewe! Furaha iliyoje kukuona!).

Hatua ya 4: Litaje jambo lenyewe

Njia ya kwanza na nyepesi ni *chì* ikifuatwa na nomino au kivumishi: *Chì ventu!* (upepo ulioje!), *Chì caldu!* (joto lililoje!), *Chì casa!* (nyumba iliyoje!), *Chì prezzu!* (bei gani hiyo!), *Chì bella surpresa!* (jambo zuri lisilotarajiwa!). Hakuna kitenzi wala kitu cha kuongeza.

Kuna jambo la matamshi ambalo vitabu vya wageni hulipita. Baada ya neno fupi lenye mkazo mwishoni, kama *chì*, *hè* au *à*, konsonanti inayofuata hukazwa. Isipokazwa, kaskazini hulegea: "t" iliyo kati ya irabu husikika "d", "c" ngumu husikika "g", "v" husikika "w". Kwa hiyo *stunatu* Bastia husikika "stunadu", lakini *Chì caldu!* inabaki na "k" ngumu, tena nzito. Na *v* ikikazwa kaskazini hugeuka "b": *Chì ventu!* utaisikia "ki bentu", na *Hè vera!* (ni kweli!) "e bera". Wengi hudhani wamesikia neno jingine, wakafungua kamusi kwenye herufi *b* wasipate kitu. Wao huziita konsonanti hizi *cambiarine*, yaani zenye kubadilika. Maandishi hayabadiliki, kinachobadilika ni sauti.

Njia ya pili ni ya watu waliokwisha kuzama kidogo: *quantu* au *cumu*, kisha kiwakilishi, kisha kitenzi. *Quant'ella hè bella!* (jinsi alivyo mzuri!, au kilivyo kizuri, kwa kitu cha jinsi ya kike.) *Cum'ellu hè altu!* (jinsi kilivyo kirefu!) Mtu aliye chini ya Monte Cintu, mlima mrefu kuliko yote kisiwani wenye mita 2,706, anaweza kusema: *Cum'ellu hè altu u Cintu!* Kile kiwakilishi *ellu* au *ella* kinaonekana cha ziada kwa anayejua Kitaliano, naye hukitupa. Usikitupe. Ndicho kinachoifanya sentensi isikike ya Kikorsika na si tafsiri.

Kosa letu sisi hapa ni la jinsi. Kiswahili kina ngeli nyingi, lakini hakituulizi kama nyumba ni mume au mke. Kikorsika kinauliza kila mara, na jibu mara nyingi linaonekana kwenye irabu ya mwisho: *-u* kwa kiume, *-a* kwa kike. *Casa* ni ya kike: *Quant'ella hè bella!* *Monte* ni wa kiume, ingawa irabu yake haikuambii. Jifunze kila nomino pamoja na *u* au *a* yake mbele, tangu siku ya kwanza.

Upande wa vionyeshi tuko nyumbani. Kama tulivyo na hiki, hicho na kile, wao wana *questu* (karibu nami), *quessu* (karibu nawe) na *quellu* (mbali na sisi sote). Mfaransa hupata taabu na mgawanyo huo. Sisi tumezaliwa nao. Basi ukisimuliwa jambo la ajabu, lile liko kwa msimulizi, na kionyeshi chake ni cha kati: *Quessa hè bella!*, "Hiyo nayo kali!" Kionyeshi ni cha kike kwa sababu jambo lisilotajwa jina mara nyingi huchukua jinsi ya kike. Ndiyo maana pia husemwa *hè vera*, wala si *hè veru*, kwa "ni kweli", na *ùn s'hè mai vista!* kwa "haijapata kuonekana!"

Hatua ya 5: Ombea habari uthibitisho, au taja hali yako

Baada ya mlio, msimulizi anangoja umrudishie mpira. Rudisha kwa swali fupi: *Daveru?* (kweli?), *Hè vera?* (ni kweli?), *Cumu?* (vipi?), *Chì mi dici?* Akijibu *Iè*, amesema ndiyo. Hapo unaweza kupanda daraja: *Ùn ci credu!* (siamini!), *Ùn hè micca pussibule!* (haiwezekani!), *Ùn m'aspettava micca à què!* (sikutarajia hili!). Kukanusha kwa Kikorsika kuna vipande viwili: *ùn* kabla ya kitenzi, *micca* baada yake. *Micca* inaweza kuachwa, *ùn* haiachwi. Vijana waliokulia kwenye Kifaransa huidondosha wakizungumza, ila wewe jifunze nayo.

Kuhusu nafsi yako, *Sò stunatu* (nimeduwaa) ni ya mwanamume, *Sò stunata* ya mwanamke. Mkiwa wengi, *Simu stunati*, na kama nyote ni wanawake, *stunate*. Ukisimulia baadaye: *Sò firmatu à bocca aperta*, nilibaki mdomo wazi, mfano ambao hauhitaji tafsiri kwa Mswahili. Au *senza parolle*, bila maneno.

Na "kumbe"? Kila mwanafunzi wetu huliuliza, na jibu ni kwamba hakuna neno moja. "Kumbe" ya kugundua, ile ya "aa, kumbe!", huwa *Ah, avà capiscu!* (aa, sasa naelewa), ambako *avà* imerudi kwenye maana yake ya "sasa". "Kumbe" ya kuvunjika kwa dhana huchukua muundo huu: *È eiu chì ti credia in Bastia!*, "Nami niliyekudhania uko Bastia!", yaani "Kumbe uko hapa!" Muundo huo wa *è eiu chì* ukauzoee vizuri. Watu huutumia sana na haupatikani kwa kutafsiri neno kwa neno.

Hatua ya 6: Habari mbaya zina maneno yake

Ajali, ugonjwa, msiba: hapa *Mì!* ni nyepesi mno, na *Avà!* inaweza kusikika kama unabisha. Neno ni *corciu*, "maskini", linalotamkwa "korchu". *O corciu!* kwa mwanamume, *O corcia!* kwa mwanamke, *O corci!* kwa wengi. Hapa mshangao na huruma vimo kwenye neno moja, kama "Maskini wee!" yetu. Unaweza kuongeza *Chì disgrazia!* (balaa gani hili!). Tahadhari: *disgrazia* ni balaa, wala si aibu. Aibu ni *vergogna*.

Hofu ikishapita, aliyenusurika hupokewa kwa *Ancu assai!*, ambalo hukaa mahali pa "afadhali" yetu, au "Alhamdulillahi". Naye aliyeanguka akainuka salama atakujibu *Ùn hè nunda!* Mswahili akilisikia hilo anaweza kuruka, kwa maana nunda wetu ni yule paka wa ngano anayekula watu. Kwao *nunda* ni "si kitu". Amesema tu: si neno, sijaumia.

Majina matakatifu nayo hutumika sana: *O Madonna!*, *Madonna santa!*, *Ghjesù Maria!*, *O Signore!*, *O Diu!* Kisiwa ni cha Wakatoliki, na mwaka 1735, katika kuupinga utawala wa Genoa, jamhuri ya Italia iliyokimiliki kabla ya Ufaransa, viongozi waliokutana katika mji wa Corti walikiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Jina lake liko midomoni kama "Yarabi" na "Masalale" zilivyo midomoni mwetu. Mzee atalisema kwa unyenyekevu, kijana kwa mazoea tu. Kwa mgeni ushauri wetu ni kusikiliza kwanza. Kuna matusi pia yanayojengwa kwa majina hayo hayo, na tofauti kati ya dua na kufuru inaweza kuwa neno moja. *O Madonna!* peke yake haina hatari.

Hatua ya 7: Chagua upande wa kisiwa, kisha ushikamane nao

Kikorsika hakina lahaja moja iliyotawazwa juu ya nyingine. Wasomi wake wanafundisha kwamba zote zina hadhi sawa. Kwa mwanafunzi hilo ni uhuru na ni mtego pia. Kaskazini ni Bastia, Corti na Balagna. Kusini ni Sartè, Alta Rocca, Portivechju. Mfano wa haraka: *ll* ya kaskazini kusini huwa *dd*. *Chì bella!* inakuwa *Chì bedda!*, na *o zitè* inatoka kwa *ziteddu*. *Quessu* huwa *quissu*. *-e* ya mwisho mara nyingi huwa *-i*, kwa hiyo *pussibule* huwa *pussibuli*. Kitenzi cha kuamini, *crede*, kusini ni *creda*. *Nunda* nayo kusini ni *nudda*. Bunifaziu, ncha ya kusini kabisa, wana lugha yao ya asili ya Genoa, hivyo usipime Kikorsika chako pale.

Mwongozo huu umetumia umbo la kaskazini. Ukiwa na jamaa au kazi Sartè, geuza yote mara moja. Kusema *Chì bedda!* kisha *quella* katika pumzi moja kunasikika kama mtu anayechanganya Kiamu na Kiunguja: wanakuelewa, lakini hawajui wakuweke wapi.

Hatua ya 8: Weka vyote kwenye mazungumzo

Sokoni, mteja na mwenye jibini (*casgiu*):

— *Quantu costa stu casgiu?* (Jibini hii bei gani?)
— *Vinticinque euri.* (Yuro 25.)
— *Avà! Quant'ellu hè caru!* (Ala! Ghali hivyo!)
— *Iè, ma hè bonu. Assaghjate!* (Ndiyo, lakini nzuri. Onja!)
— *Mì! Quant'ellu hè bonu!* (Lo! Tamu kweli!)

Angalia *avà* ya mteja: fupi. Angalia pia *assaghjate*: mwenye duka ametumia umbo la *voi*. Mteja akijibu kwa *tù* atakuwa amemvunjia heshima.

Marafiki wawili:

— *O Marì, ai intesu? Ghjuvanni si marita sabbatu.* (Maria, umesikia? Ghjuvanni anaoa Jumamosi.)
— *Innò! Daveru?* (Hapana wewe! Kweli?)
— *Iè, hè vera.* (Ndiyo, kweli.)
— *È cù quale?* (Na nani?)
— *Cù Francesca.*
— *Quessa hè bella! Sò stunata!* (Hiyo nayo kali! Nimeduwaa!)

Yasome kwa sauti mara 5 kila siku kwa juma moja, kila mara ukibadilisha majina kwenye *o …* na kuyakata. Siku ya nne badilisha jinsi: Maria awe Antone, *stunata* iwe *stunatu*. Siku ya sita geuza yote kuwa ya *voi*. Jirekodi kwa simu na usikilize jambo moja tu: je, *avà* na *innò* zimepigwa mwishoni? Mengine yatakuja.

Masikio yalishwe pia. Redio ya RCFM, *Frequenza Mora*, hutangaza kwa Kifaransa na Kikorsika, na husikika kwenye intaneti. Sikiliza dakika 15 za mazungumzo, si za habari, maana msoma habari hashangai. Weka alama kwenye karatasi kila usikiapo *avà*, kisha amua: ni "sasa", ni "ala", au ni "ebo"? Kwa maneno usiyoyajua, Infcor, kamusi ya mtandaoni ya jumuiya ya ADECEC ya Cervioni, hukuonyesha neno, maana na mara nyingi maumbo ya kaskazini na kusini.

Kikwazo cha mwisho hakiko kwenye ulimi wako. Ukisema *Mì!* wengi watakujibu kwa Kifaransa. Si kwamba umekosea. Shule ziliifungia lugha hii mlango kwa muda mrefu: sheria ya 1951 iliyoruhusu baadhi ya lugha za mikoa ya Ufaransa iliiacha nje, ikaingizwa mwaka 1974, na chuo kikuu cha Corti kilifunguliwa tena mwaka 1981. UNESCO inaiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Watu wamezoea kumpokea mgeni kwa Kifaransa, na vijana wengine wanaona haya kwa Kikorsika chao pungufu. Ukijibiwa hivyo usihamie Kifaransa upesi. Sema tena, kwa utulivu, ukianza na mtu: *O zì, hè vera?* Mara nyingi mzee huyo atanyamaza kidogo, akutazame upya, kisha akuambie *Iè, o figliò*, na kuanzia hapo mazungumzo yatakuwa ya Kikorsika.